Kifuniko cha Darubini

Tangu miezi ya bandia ianze kuangaza usiku kucha, nyota zilipotea machoni, na darubini za dukani zikawa zinazichora tu kwa kompyuta ndani ya kioo. Mghoi alijivunia darubini ya mumewe, Mwakio, aliyeiunda mwenyewe, akasugua kioo chake kwa mkono na kuapa kuwa hii inaona anga lenyewe.

Jioni moja Mghoi alichungulia, akaiona nebula ya Orioni, lile wingu la gesi kati ya nyota, ikiwaka kama kawaida. Aliposhika mdomo wa darubini aisogeze, vidole vikagusa kifuniko. Alikuwa amesahau kukitoa.

"Baba Wakesho, kumbe hii nayo inachora?" alimgeukia mumewe.

Mwakio alikohoa. "Ulizililia nyota mpaka ukakonda, mke wangu. Ningefanyaje?"

"Na ile galaksi mama yangu aliyoitazama akalia, wiki aliyofariki?"

"Mama alijua," alisema Mwakio. "Ndiye aliyeniambia nisikwambie."