Bendeji ya Mama Spéciose
Mgeni aliingia zahanatini kwetu bila hodi. Wafadhili wa mradi wetu wa kutibu vidonda walikuwa wamemtuma achukue bendeji yetu ya mwisho ikapimwe. Vipimo vikikosekana, mradi unafungwa.

Bendeji hiyo, yenye bakteria hai wa maziwa ya mgando, nilikuwa nimemwahidi Mama Spéciose wa Buterere. Alikuwa ameketi mbele yangu, mguu wazi. Ukingoni mwa kidonda chake cha miaka minne, ngozi mpya ilikuwa imeota tangu tuanze kumfunga bendeji hizo, nyembamba kama utando wa maziwa.

“Mupe tu, mwanangu,” alisema. “Mi na hiki kidonda tumeshazoeana.”

“Usiifungue, dada,” mgeni akasema. “Ikifunguliwa haipimiki tena.”

Sikuhisi hofu wala huruma, ila baridi ya pakiti vidoleni. Nilikuwa nimemwambia Mama Spéciose aje Jumatano, na leo ilikuwa Jumatano.

Nikaichana pakiti.