Shahidi wa Tatu

Siku hizi hospitali haikudungi sindano mpaka watu watatu wanaokujua wakutolee ushahidi. Mashine iliyo kando ya kitanda inasikiliza umbea wote: umekula nini, umemeza nini, dawa gani iliwahi kukudhuru.

Mzee Kagusa alikuwa akihema kwa nimonia. "Mume wangu hajawahi kudhuriwa na dawa," mkewe, Mama Tulizo, akaapa. Shahidi wa pili, jirani yao, akaitikia. Sindano ya penisilini ikaanza kujaa.

Mimi ndimi niliyekuwa wa tatu. Mzee akanikazia macho huku akitikisa kichwa, akiniomba ninyamaze.

"Penisilini nusura imuue," nikasema. "Alivimba uso, koo likaziba. Ni huko Tunduma, mwaka juzi."

"Tunduma alifuata nini?" Mama Tulizo akauliza.

"Alimfuata Sikudhani, shoga yangu. Wana watoto wawili."

Mashine ikaimwaga ile sindano, ikaleta dawa nyingine.

Siku ya nne mzee alitoka kwa miguu yake mwenyewe. Mtaa mzima ukahamia kwangu kwa pilau na vigelegele. Muuguzi mkuu akanipigia saluti: "Ulimi wako, dada, umeishinda maabara!" Hata Mama Tulizo alikuja. "Bora nimgombeze akiwa mzima," alisema, "kuliko nimlilie maiti."

Nikaingia jikoni kuongeza pilau, kicheko kikitikisa bati. Niliporudi na sinia, nilikuta wageni wote wanazungumzia mvua.

Nikajiuliza, kama hakuna atakayeniambia siri yake tena, mgonjwa anayefuata nitamsemea nini?