Ngiri Aliyeingia Kinyumenyume

Zamani, wanyama walipokuwa bado wanaamkiana njiani, Ngiri hakumwamini yeyote. Hata shimoni kwake aliingia kinyumenyume, macho nje, asije akavamiwa kwa nyuma.

Jioni moja Mhanga, mpita njia asiyemjua, akamwambia, "Shikamoo mzee. Leo geuka kwanza uchungulie ndani. Nimesikia kitu kinakoroma."

"Nikupe mgongo wewe? Umetumwa na Fisi, sivyo? Hebu pita!"

"Haya mzee, lala salama."

Ngiri akamkodolea macho huku akirudi nyuma, makalio yakitangulia, mpaka akamkalia Nungunungu usingizini.

Yowe la Ngiri lilimrudisha Mhanga mbio. Akamkuta kajilaza kifudifudi nje, miiba imemsimama kama msitu.

"Kijana wangu," Ngiri akanong'ona, akimgeuzia mgeni mgongo kwa mara ya kwanza maishani, "chomoa polepole. Na jina lako nani, baba?"