Koti la Malaria

Waraka Kuhusu Rangi Rasmi ya Koti la Kijidudu cha Malaria ulibandikwa nyuma ya sikio la Kima, mahali Kupe alipokuwa bawabu. Daktari Bundi alikuwa amenasa kijidudu kimoja chenye koti jekundu, akachora picha yake kwenye waraka huo ili mwenye koti hilo azuiwe mlangoni, na kuiita chanjo. Kupe aliipenda kazi ile, maana Kima akifa, yeye atakula wapi?

Siku moja Mbu akatua na abiria kumi.

“Hodi, mzee wa mlango!”

“Pangeni mstari!” Kupe akafoka. Wa kwanza alivaa koti jekundu, akatimuliwa. Tisa waliobaki walivaa kijani, madoadoa na mistari. “Na hawa?”

“Ndugu zake, baba mmoja mama mmoja,” Mbu akajibu bila aibu.

“Shangazi, sikuuliza ukoo, nimeuliza koti.” Kupe akaitazama tena picha, akaridhika. “Hakuna jekundu hapa. Karibuni, piteni.”

Wiki mbili baadaye Kima alitetemeka hadi mti ukatikisika. Kupe akamwandikia Bundi kwamba waraka umetekelezwa kikamilifu, na Bundi akampongeza kwa barua yenye mihuri miwili.

Kima alikufa kwa malaria, na Kupe akafa kwa njaa.