Wi-Fi ya Parokia

Jina la Wi-Fi kwenye simu ya maman Chantal lilianza na P. Kwenye kompyuta ya patron, bosi wangu, lilianza na B. Niliona hivyo nikifagia duka lake la kuchapisha karatasi.

Misa ya ndoa ilikuwa karibu kuanza, na nyimbo za kwaya ya maman zilikuwa bado ndani ya simu, hazijachapishwa.

«Ordinateri haioni telefone yako, maman,» patron alisema akitazama kompyuta.

«Papa, tutaimbia bibi arusi nini? Matangazo ya misa?»

Nilisimamisha ufagio. «Papa patron, telefone ya maman imeshika Wi-Fi ya parokia, hapa pembeni. Yetu ni ingine.»

Maman akahamia Wi-Fi yetu. Nyimbo zikaingia, karatasi zikaanza kutoka.

Mwaka mzima patron alinisomea orodha ya soko akidhani sijui kusoma, nami sikumsahihisha.

«Nani amekuambia jina la Wi-Fi?» patron aliniuliza.

«Hakuna, papa. Mimi najua kusoma.»