Mapigo Mia na Arobaini

"Mia na kumi na nane," daktari alisoma, akavua miwani, akaivaa tena. "Na mchezo wenyewe haujaanza!"

"Ana woga," mama alijibu haraka. "Huyu mtoto ni mwoga tangu utotoni."

Uongo mtupu. Binti yake hakupewa jina la Barafu bure, ila ukumbini humo hakuwepo aliyemjua vya kutosha kucheka.

Kwenye meza ndefu walikaa wajumbe saba wa kamati ya michezo. Siku hiyo walikuwa wanaamua, kufa au kupona, kama mchezo wa kompyuta utakwenda kwenye mashindano makubwa ya kimataifa pamoja na wakimbiaji na mabondia, au utabaki nyumbani. Mwenyekiti alikuwa mkimbiaji enzi zake, mpaka magoti yalipomgomea. Sharti lilikuwa lake: mchezaji avae mkanda wa kupimia mapigo, acheze pambano moja, na moyo ufike mapigo mia na arobaini kwa dakika.

"Mchezo usiokimbiza moyo si mchezo," alisema. "Kama kukaa kitini ni michezo, basi na sisi tunaopanga foleni benki tudai medali."

"Mlenga shabaha naye husimama tu," mjumbe mmoja mwanamke akamjibu, "na medali tunampa."

"Bunduki ni nzito, dada."

Wenzao walicheka. Mama hakucheka. Sharti lilipotangazwa wiki iliyopita, waliazima kipimo kwa jirani yao muuguzi. Barafu akacheza mapambano matatu, akashinda mawili, akapoteza moja, na kipimo kikasoma sitini na nne mwanzo hadi mwisho. Sitini na nne! Vidole vilikwenda mbio hata havionekani, moyo umelala usingizi. Huo ndio uliokuwa ubingwa wake, na huo huo ndio ungemzamisha.

Jana alilia. Mtoto ambaye hata alipovunjika mkono hakutoa chozi, alikaa juu ya marobota ya vitambaa kwenye chumba cha mama cha kushonea, akalia kwa sauti.

"Miaka sita, mama. Halafu nikose kwa sababu siogopi?"

Mama alisimamisha cherehani. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Mfa maji haishi kutapatapa. Leo alikuwa amepanda ngazi za ghorofa tatu akipumzika kila baada ya hatua chache, akilaumu vumbi la vitambaa kama kawaida yake, amejitanda mtandio mzito na joto lote lile. Daktari, kwa heshima, alimkabidhi mkanda yeye.

"Mfungie wewe, mama, kule nyuma ya pazia. Ukae kifuani, uguse ngozi."

Walipotoka, mama aliomba kiti karibu, nyuma kabisa ya binti yake. Alisema akikaa mbali mtoto atachanganyikiwa. Wakamruhusu, nani atamnyima mama kiti?

Pambano likaanza. Mpinzani alikuwa bingwa wa mwaka jana. Barafu, jezi imefungwa hadi kooni, hakupepesa jicho. Ukutani namba zilisomeka kwa wote: mia na ishirini na sita. Mia na thelathini na moja. Barafu akapoteza raundi ya kwanza. Mia na thelathini na nane.

Mama alishika ukingo wa kiti. Panda, aliomba kimoyomoyo, panda, nakusihi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi, kama kila anaposhona nguo nzito, na hakuujali.

Mia na arobaini na moja!

Mwenyekiti aliinuka kitini. Mama alifurahi nusura apige kigelegele, na namba ikaruka hadi mia na hamsini na tisa. Barafu alishinda raundi mbili zilizofuata bila kubadilisha hata namna alivyokaa.

Mikono sita ikainuka. Wa saba, wa Mwenyekiti, ukafuata polepole.

"Nimeshindwa kihalali," alisema, akavuta fomu aandike jina la binti. Watu wakapiga makofi. Mama alilia waziwazi, hakuona haya.

Daktari peke yake hakupiga makofi. Alikuwa akivuta karatasi iliyotoka kwenye mashine yake, ndefu, yenye mistari. Akawaendea, akainama.

"Mama, mchezo umepita. Ila mwenye moyo huu haendi kwenye mashindano. Hata nyumbani haendi."

"Unasema nini, daktari?"

"Mapigo yanaruka, yanakwama, yanaruka tena. Karatasi kama hii nimeiona mara mbili, na mara zote mbili niliishia mazishini. Gari la wagonjwa liko chini. Binti anaingia sasa hivi."

"Huyo mzima kabisa!" Sauti ya mama ilikatika. "Nakuomba, daktari. Atapumzika, nitamlaza mwenyewe. Usimwondoe kwenye timu."

Akaubana mtandio kifuani kwa mikono miwili.

Barafu aliichukua karatasi. Aliitazama ile mistari, kisha akamtazama mama yake: jasho kwenye paji la uso, midomo iliyokauka, ule mkono wa kushoto. Nyuma yao kalamu ya Mwenyekiti ilikuwa bado inaandika. Barafu akapiga magoti mbele ya kiti.

"Usifanye hivyo, mwanangu," mama alinong'ona. "Wanatutazama."

Mikono ambayo haikuwahi kutetemeka ilitetemeka mbele ya kamati nzima, ikapenya chini ya mtandio wa mama, ikaufungua mkanda.