Sehemu ya Maoni

Ilikuwa mistari miwili tu, chini kabisa ya karatasi, penye sehemu ya Maoni: "Nitafika kwako kesho Jumamosi, asubuhi. Nina neno la kukuambia uso kwa uso."

Mjane aliisoma akiwa bado amesimama kwenye dirisha la ofisi ya mizigo ya mabasi. Akaikunja. Akaikunjua, akaisoma tena.

"Mama Bahasha, kuna msiba?" karani wa mizigo alimuuliza.

"Hakuna."

"Maana huyu wako hakosi Ijumaa. Angekuwa mchumba, mimi ningeshashona suti."

Siku nyingine angemjibu. Leo alitia bahasha mkobani, akaenda zake.

Mumewe alikuwa mwalimu wa kemia. Alipostaafu alikaa mezani akaandaa masomo ya sayansi ya sekondari, moja baada ya jingine, kila moja na bahasha yake. Ndani mlikuwa na andalio la somo, kitini cha wanafunzi, mchoro wa kubandika ubaoni, na jaribio linaloweza kufanyika mahali pasipo na maabara. Mwalimu wa shule ya mbali kazi yake ilikuwa kufungua bahasha na kuingia darasani. Sharti lilikuwa moja. Chini ya andalio paliachwa sehemu ya Maoni, na asiyeijaza na kuirudisha hapati somo linalofuata.

Alipofariki, walimu waliopata habari waliacha kuandika. Mmoja hakuipata. Bahasha yake iliingia wiki ya pili baada ya mazishi, wakati nyumba imeshaanza kumwelemea mjane kwa ukimya. Alichukua somo la tatu juu ya rundo, akaiga saini ya marehemu, akatuma. Akajiambia ni hili moja tu.

Sasa walikuwa wamefika somo la thelathini na moja.

Simu ya mumewe aliizima, akaifungia kabatini, ili sauti yake mwenyewe isije kumuumbua. Alipopiga magoti kusali aliwataja ndugu, wagonjwa na wasafiri, lakini jambo la saini alilipita pembeni, kama mtu anayempita jirani waliyegombana.

Na huyo mwalimu alikuwa na vituko vyake. Mwanzoni, penye idadi ya wanafunzi, aliandika arobaini na wawili. Muda mrefu sasa aliandika mmoja. Waliohudhuria, mmoja. Walioelewa, mmoja. Mjane alidhani anahesabu mikondo ya darasa, si vichwa.

Kilichomponza alikijua. Lilikuwa somo la thelathini, la kutenganisha mchanganyiko. Panya walikuwa wameula ukurasa wa jaribio, na yeye shule yake iliishia darasa la saba. Alichokijua ni jiko. Akaandika: tia maji kwenye chumvi iliyoingia mchanga, koroga, chuja kwa kitambaa safi, chemsha kwenye sufuria mpaka maji yaishe, na usiende kupiga soga kwa jirani ukasahau moto.

Bahasha ilikuwa imeshaondoka na basi ndipo alipokumbuka kwamba marehemu hakuwahi kuchemsha hata maji ya chai.

Ijumaa iliyofuata Maoni yalirudi hivi: "Jaribio limefaulu. Chumvi imetoka nyeupe. Jirani alikuja yeye, ila sikuinuka." Alicheka peke yake jikoni mpaka akajiziba mdomo. Alikuwa hajacheka tangu mazishi. Kumbe huko aliko mwenzake alikuwa ameshamshuku.

Akija akajua, ataacha kuandika. Akiacha, Ijumaa itakuwa siku kama siku nyingine, na siku nyingine alikuwa anazijua zilivyo.

Asubuhi ya Jumamosi alifagia mara mbili. Akasimama mbele ya kioo, akajaribu uongo kwa sauti. "Amesafiri." Akajitazama. "Amepumzika, hawezi kuonana na wageni." Uso wake mwenyewe ulikataa kusaidia.

"Hodi."

Alifungua. Alikuwa mwanamke wa rika lake, viatu vimejaa vumbi la safari, mkoba ameukumbatia kifuani kwa mikono miwili.

"Samahani dada, hapa ndipo kwa Mwalimu wa bahasha?"

"Ndipo."

"Nimemkuta?"

Mjane alichungulia barabarani nyuma ya mgeni. Hapakuwa na mwanamume. Amemtuma mkewe, aliwaza. Ameona hata kutazamwa usoni sistahili. Akamkaribisha ndani, akampa kiti, akamletea maji. Mgeni alipiga funda moja, akaanza kusema, "Mimi nimekuja..."

"Ngoja, nianze mimi," mjane alisema. "Mwalimu hukumkuta. Alifariki, miezi saba sasa. Anayetuma masomo ni mimi. Saini ninaiiga mimi, kila Ijumaa, na Mungu ananiona. Ile habari ya sufuria na kitambaa ni yangu pia. Kamwambie mumeo kwamba marehemu hakumdanganya. Aliyemdanganya ni mimi, na kama umekuja kuniambia yaishe, nimesikia."

Mgeni aliweka glasi mezani taratibu.

"Mume wangu nilimzika kabla ya somo la tano, dada," mgeni alisema. "Tangu hapo anayesoma ni mimi."